Vituo Kumi na Saba Katika Pindo Moja

Kila asubuhi, kabla hajampima mteja yeyote, Milimita alijipima mwenyewe. Aliketi kando ya dirisha, akavua kiatu cha kulia, akauzungushia mguu tepu ileile aliyoitumia kwa viuno na mabega ya watu, juu kidogo ya kifundo, akasoma, akaandika. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa mguu wa kushoto, maana kipimo kisicho na mwenzake wa kulinganishwa naye, kwa maoni yake, hakikuwa kipimo bali uvumi.

Kulia, sentimita ishirini na nne na milimita tatu. Kushoto, ishirini na tatu na milimita tisa. Ndivyo ilivyokuwa Jumatatu, ndivyo ilivyokuwa Ijumaa, na ndivyo ilivyokuwa kwa wiki tisa mfululizo. Hakuna kilichovimba, hakuna kilichonywea. Tepu ilisema mguu umetulia. Mguu wenyewe ulikuwa na habari nyingine.

"Vipi, umerefuka?" aliuliza Redio kutoka cherehani ya pili.

"Nimebaki vilevile."

"Basi vaa kiatu, dada. Wateja watadhani tumeanza kuuza miguu."

Redio alikuwa fundi wa suruali, na jina lake halikuhitaji maelezo kwa mtu aliyekaa naye walau nusu saa. Jina la Milimita lilikuwa na kisa. Mwaka wake wa kwanza baada ya kutoka chuo cha ufundi, aliifumua suruali ambayo mteja alikwisha kuivaa na kushukuru, kwa sababu mguu mmoja ulizidi mwenzake kwa upana wa uzi. Mteja alisubiri nyuma ya pazia la kujaribia nguo bila suruali kwa dakika arobaini. Tangu siku ile, hakuna aliyemwita kwa jina lake la kuzaliwa isipokuwa mama yake, na hata yeye kwa nadra.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye cherehani tano za kukanyaga, meza ya kukatia, meza ya vifungo, na ukuta uliojaa karatasi za vipimo zilizotundikwa kwenye misumari. Mwenye karakana alikuwa dada mkubwa wa mama yake, kwa hiyo hapo kazini alimwita Mama Mkubwa kama alivyomwita nyumbani, na Mama Mkubwa alimkaripia kazini kama alivyomkaripia nyumbani. Cherehani ya kando ya dirisha, ile nzito kuliko zote, ya mapazia na vitambaa vinene, ndiyo iliyokuwa ya Milimita. Haikuandikwa popote kuwa ni yake. Lakini kiti kilikuwa kimepunguzwa miguu kwa urefu wake, na kanyagio la chuma lilikuwa limeng'aa mahali pawili, pale tu zilipokaa nyayo zake.

Miezi mitano nyuma alikuwa akiingia na jora la kitambaa begani. Mlango wa karakana una ngazi tatu za kushukia. Yeye, aliyehesabu kila kitu, siku hiyo alihesabu mbili. Kifundo cha mguu wa kulia kilivunjika kwa sauti ndogo, kama penseli.

"Milimita amepotewa na ngazi nzima," alisema Redio wakati wakimbeba, na Milimita, ingawa machozi yalikuwa yakimtoka, alicheka.

Alifungwa plasta wiki sita. Baadaye akatembea na gongo, kisha bila gongo, kisha akarudi kwa daktari wa mifupa, ambaye aliinua picha ya eksirei dirishani na kumwonyesha kwa ncha ya kalamu mahali mfupa ulipoungana.

"Umeunga vizuri sana. Umepona."

Alishukuru, akatoka. Hatua ya nne kwenye ukumbi wa hospitali, kifundo kikauma kama kawaida yake. Alisimama ukutani, amepona na anaumwa, asijue lipi kati ya hayo mawili ndilo kosa. Jioni hiyo ndipo aliponunua daftari dogo na kuchora safu nne: saa, kipimo, maumivu kwa tarakimu kuanzia sifuri hadi kumi, na alichokuwa akifanya.

Wiki ya tisa ya daftari, Mama Mkubwa alivuta kiti akakaa mbele yake. Mama Mkubwa hakuwa na desturi ya kukaa mchana.

"Mwanangu, vifungo si adhabu."

"Najua, Mama Mkubwa."

"Meza ile ina kiti chenye mto. Utanyoosha mguu. Tena humu ndani hakuna mwenye mkono mzuri wa vifungo kama wako."

"Na cherehani?"

"Cherehani haijali nani anaikanyaga."

Hilo halikuwa kweli na wote wawili walilijua.

"Sikiliza. Pazia la ukumbi wa shule tunalikabidhi baada ya wiki sita. Pindo la chini ni mita kumi na nne za mahameli. Ukilishona wewe, kiti ni chako, na sitakuuliza tena habari ya mguu. Ukishindwa, Redio atahamia hapo, nawe utakuwa wa vifungo moja kwa moja. Siwezi kukutazama unakunja uso kutwa. Na mama yako ananipigia simu kila jioni kuniuliza kama nakuua."

"Mimi sijaulizwa maoni," alidakia Redio. "Lile jitu la cherehani linapiga kelele kunizidi. Humu ndani hatuwezi kuwa wawili."

"Wewe shona."

Mita kumi na nne. Kwa mguu mzima ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Lakini karakana ile ilikuwa na sheria yake kuhusu mapindo marefu: hushonwa kwa pumzi moja. Fundi akianza, haondoi miguu kwenye kanyagio mpaka ncha ya pili. "Ukisimama katikati," Mama Mkubwa alizoea kusema, "pazia litakusengenya mbele ya watu." Na Milimita alikwisha kuandika daftarini kwamba, akikanyaga mfululizo, maumivu yake hufika saba kabla ya mita ya tatu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuliandika, kwa sababu hakulijua hadi Redio alipolisema.

"Cherehani yako inachechemea."

"Cherehani?"

"Sikiliza ya kwangu. Taka-taka-taka-taka. Sasa sikiliza ya kwako. Taka-taka... ka. Taka-taka... ka. Unakanyagia mguu mmoja, dada."

Alitazama chini. Mguu wa kushoto ulikuwa ukifanya kazi ya miguu miwili. Wa kulia ulikuwa umejiegesha pembeni mwa chuma, umekunja vidole, kama mgeni anayesubiri kuambiwa akae. Tangu lini? Hakukumbuka kuuruhusu. Kilichomshangaza hakikuwa uvivu wa mguu bali siri yake: kiungo cha mwili wake mwenyewe kilikuwa kimepanga mambo bila kumshirikisha.

Ijumaa iliyofuata alikwenda kwa mtaalamu wa viungo.

Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, na chumba chake kilikuwa na kitanda chembamba, kioo kirefu, mipira ya kuvuta iliyoning'inia kwenye ndoano, na ngazi ya mbao iliyopanda hatua tatu na kushuka hatua tatu upande wa pili.

"Inakwenda wapi?" Milimita aliuliza.

"Haiendi popote. Ndiyo uzuri wake."

Mtaalamu aliukunja mguu, akaukunjua, akaubonyeza hapa na pale, akaulinganisha na wa kushoto, akamwambia asimame kwa ncha za vidole. Wa kushoto ulipanda mara ishirini. Wa kulia ulitetemeka mara ya sita. Kisha akalichukua daftari, akakusudia kulipitia juu juu, akajikuta anasoma ukurasa baada ya ukurasa.

"Hii Jumatano umeandika saba. Kipimo?"

"Kilekile."

"Na Alhamisi, moja. Kipimo?"

"Kilekile."

"Alhamisi kulikuwa na nini?"

Milimita alisita. "Mwenzangu alikuwa anasimulia kisa cha mteja aliyerudisha koti akidai mikono yake imefupishwa kabatini. Nilishona mita tatu bila kusikia kitu. Nilipokumbuka mguu, ukauma."

"Na hapa umeandika tano, lakini kwenye safu ya mwisho umeandika: nimetazama ngazi."

"Ndiyo. Sikuwa nimezikanyaga bado." Akainamisha kichwa. Swali alilokuja nalo, lile alilolikwepa kwa wiki tisa za tarakimu, lilitoka kwa sauti ndogo. "Kwa hiyo maumivu nayazua?"

"Hapana." Mtaalamu aliliweka daftari chini ili amtazame vizuri. "Yanauma kweli, na yanauma hapo hapo unaposema. Ila kuumwa na kuharibika ni mambo mawili. Ulipovunjika, mishipa ya fahamu ya pale iliongezewa ukali ili ikilinde kifundo. Ikafanya kazi nzuri. Sasa mfupa umeunga, lakini ukali haujapunguzwa. Kitu kidogo kinapokelewa kama kikubwa. Usipolala vizuri, ukiwa na wasiwasi, ukiogopa ngazi, ukali unapanda. Ukisahau, unashuka. Na kwa kuwa ulikiacha muda mrefu bila kazi, kifundo chenyewe kimekakamaa, na misuli imepungua nguvu. Ni kama mlinzi aliyewahi kuibiwa. Sasa hata paka akipita, anapiga yowe."

Milimita hakuwa na uzoefu wa walinzi. Aliutazama ukuta, na mtaalamu, aliyekwisha kuwaona watu wengi wakiutazama kwa kukata tamaa, alidhani ndivyo ilivyo.

"Ngoja," alisema Milimita. "Ni kama cherehani iliyobaki kwenye turubai?"

"Sijui. Nieleze."

"Juu ya cherehani kuna skrubu ya kukazia uzi. Ukishona turubai, unaikaza sana. Sasa ukimaliza, ukaingiza kitambaa chepesi bila kuilegeza, kitambaa chote kinakunjamana. Mwanafunzi anadhani kitambaa kibovu. Anabadilisha kitambaa, anabadilisha sindano, analia. Na kitambaa hakina kosa hata kidogo. Mashine bado inashona turubai."

Mtaalamu alivuta kalamu. "Rudia polepole. Na mnailegezaje hiyo skrubu?"

"Robo ya mzunguko, halafu unajaribu kwenye kipande cha masalio. Robo nyingine, unajaribu tena. Ukiilegeza yote kwa mkupuo, uzi unafanya vitanzi chini, unaanza upya."

"Basi hayo ndiyo matibabu yako, dada. Umenipunguzia nusu ya hotuba."

Nusu iliyobaki ilikuwa hivi. Atafute urefu wa mshono ambao, hata siku mbaya, anaweza kuukanyaga kwa miguu yote miwili kabla maumivu hayajapanda. Achukue pungufu ya huo. Aweke alama hapo, na afikapo kwenye alama asimame, mguu uume au usiume. Auzungushe mguu taratibu, avute pumzi ishirini, aendelee. Kila wiki aongeze kidogo. Asubuhi na jioni apande kwa ncha za vidole akishika meza, na apigapo mswaki asimame kwa mguu wa kulia peke yake.

"Kusimama hata kama hauumi?" Milimita aliuliza, maana hilo lilimkera kama pindo lisilonyooka.

"Hasa kama hauumi. Siku nzuri ndizo zitakazokuponza."

"Na yataisha?"

"Kwa wengine huisha kabisa. Wengine hubaki na kidogo, lakini wanaishi maisha yao. Sitakuahidi tarakimu. Ila ukiona kifundo kimevimba, kimekuwa chekundu au cha moto, ukapata homa, ganzi, ukaamshwa na maumivu usingizini, au mguu ukashindwa kukubeba, hayo usiyaandike daftarini. Yalete hapa siku hiyohiyo."

Jumatatu, kwa vipande vya masalio, alianza na sentimita thelathini. Thelathini! Mtoto wa chuo asingejivunia. Alishona, akasimama, akauzungusha mguu, akavuta pumzi ishirini, akashona. Redio alivumilia mpaka saa nne.

"Dada, hicho unachoshona ni kitambaa au ni kwikwi?"

"Ni dawa."

"Haya. Mimi nilidhani tunatengeneza suruali za sungura."

Wiki ya kwanza thelathini, wiki ya pili arobaini na tano. Alhamisi ya wiki ya pili, jua lilipiga dirishani, uzi ulikwenda vizuri, mguu ulikuwa kimya kama vile haukuwahi kuvunjika, na alama ya chaki ikapita chini ya sindano. Akaiona. Akaiacha ipite. Mkono ulikuwa umezoea pumzi moja kwa miaka minne, na raha ya kwenda bila kusimama ilikuwa kubwa kuliko hofu. Alishona mita tano.

Kesho yake aliandika nane. Keshokutwa pia nane, na ngazi tatu za karakana alizipanda kwa kushika ukuta.

Nyumbani mama yake alikileta kiti cha pili auweke mguu, akausugua kwa mikono yenye joto. Alipomaliza, alisema.

"Mguu unakuambia umechoka. Usikilize."

"Nausikiliza, mama. Lakini unatia chumvi."

"Mguu unatiaje chumvi?"

"Nimeupima leo. Ishirini na nne na milimita tatu. Haujavimba, si wa moto, si mwekundu. Hakuna kilichovunjika. Umeona mita tano, umedhani nimeanguka tena."

Mama alitazama mguu, akamtazama mwenye mguu. "Kutia chumvi kidogo tu ukapiga kelele nyumba nzima? Basi umemrithi Mama Mkubwa wako."

Walicheka, na Milimita aliona jambo la kuandika: wakati wa kucheka, tano. Dakika mbili baadaye, sita. Hakulala kitandani siku nzima kama alivyoshauriwa na jirani, wala hakushindana na mguu. Alirudi sentimita thelathini kwa siku tatu, kisha arobaini na tano, na wiki ya tatu ikaisha akiwa kwenye hamsini na tano. Robo ya mzunguko, kipande cha masalio. Robo ya mzunguko, kipande cha masalio. Redio, ambaye sikio lake halikudanganyika, alitangaza siku moja kwamba cherehani ya dirishani imeacha kuchechemea.

Lakini hesabu ilibaki palepale. Kufikia siku ya pazia angekuwa na sentimita themanini, au mita moja ya kubahatisha. Pindo lilikuwa mita kumi na nne. Bila kusimama, hakuna njia. Kwa kusimama, hakuna ruhusa.

Hapo udadisi wake ukahama kutoka mguuni ukaingia kwenye sheria.

"Kaka, kwa nini pindo refu halisimamishwi?" alimuuliza Redio.

"Kwa nini nini? Ndivyo tulivyokuta."

"Umewahi kukiona hicho kituo kinachosengenya?"

"Nitakionaje na hatusimami?"

Jibu hilo lilimkaa kichwani siku nzima. Wakati wa mapumziko alikata vipande kumi vya mahameli vya urefu sawa. Vitano alivishona kwa pumzi moja. Vitano alivisimamisha katikati, kila mara akihakikisha sindano imezama ndani ya kitambaa, na alipoanza tena alishika gurudumu kwa mkono ili liende mbele tangu mzunguko wa kwanza. Akavichanganya, akamwambia Redio afumbe macho na apapase.

"Nikishinda napata nini?"

"Unapata kunyamaza."

"Hiyo si zawadi."

Alipapasa vyote kumi kwa uzito wa hakimu. Alipatia vinne.

"Vinne kati ya kumi," alisema Milimita akiandika. "Hata kuku angepatia vitano."

"Kuku hana presha ya kazi."

Mama Mkubwa hakuambiwa. Si kwa ujanja, bali kwa kuwa Milimita hakuzoea kubishana kwa mdomo. Alizoea kuonyesha.

Siku ya pindo, mahameli yenye rangi ya zabibu ilijaza meza ya kukatia, ikateremka sakafuni na kulala juu ya viti viwili. Milimita alifika mapema. Upande wa ndani, kwa chaki nyeupe, alichora alama kila baada ya sentimita themanini. Zilitoka alama kumi na saba, na baada ya ile ya mwisho zikabaki sentimita arobaini. Akakagua mkanda unaozungusha gurudumu, akatia mafuta, akalegeza na kukaza skrubu ya uzi kwenye kipande cha masalio mpaka mshono ukalala. Akajipima. Ishirini na nne na milimita tatu. Maumivu, mbili.

Miguu yote miwili kwenye kanyagio. Taka-taka-taka-taka. Alama ya kwanza. Sindano chini. Kimya.

Mama Mkubwa alikuwa mlangoni akiongea na mteja. Aliacha sentensi katikati.

"Imesimama."

"Imesimama kwa makusudi," alisema Redio bila kuinua kichwa.

"Kwa makusudi ya nani?"

Pumzi ya kumi na nane, ya kumi na tisa, ya ishirini. Mkono kwenye gurudumu, mbele. Taka-taka-taka-taka. Alama ya pili, kimya. Mama Mkubwa alimuaga mteja, akaja, akasimama nyuma ya kiti. Milimita alimwona kwenye kioo cha dirisha, amefunga mikono kifuani.

Kwenye alama ya sita maumivu yalikuwa matatu. Kwenye alama ya tisa yaliruka hadi matano, na kwa kuwa aliyajua sasa, aliyatazama kama anavyotazama kitambaa kinachokunjamana: nini kimebadilika? Mguu haukubadilika. Urefu haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba Mama Mkubwa alikuwa amesogea hatua moja. Alitaka kucheka. Aliuzungusha mguu, akahesabu pumzi zake ishirini bila kuiba hata moja, akaendelea. Alama ya kumi, maumivu manne. Ya kumi na mbili, manne. Kwenye alama ya kumi na nne mguu ulikuwa unakwenda vizuri kiasi cha kumshawishi, na alama ilipokaribia alikumbuka jua la Alhamisi ile. Akasimama.

Alama ya kumi na saba. Sentimita arobaini za mwisho. Akakata uzi.

"Toka," alisema Mama Mkubwa.

Milimita alisimama. Mama Mkubwa alilivuta pindo, akaligeuza upande wa watazamaji, akafumba macho, na kuanza kulipitisha chini ya kidole gumba, polepole, hatua kwa hatua kuizunguka meza. Kwa kidole hicho alikuwa amewahi kugundua sindano iliyopinda kwa kugusa tu mkono wa shati. Mahali pa kwanza alisimama, akachomeka pini. Akaenda, akasimama, akachomeka ya pili. Karibu na mwisho, ya tatu.

"Hapa. Hapa. Na hapa. Nilikuambia litakusengenya."

Milimita alilishika pindo kwa mikono miwili akaligeuza ndani, upande wa chaki. Pini ya kwanza ilikuwa umbali wa shubiri moja kutoka kwenye alama. Ya pili ilikuwa katikati kabisa ya alama mbili, kama iliyopimwa. Ya tatu ilikuwa imetumbukia mahali ambapo cherehani ilipita bila kusita.

Redio aliacha kushona.

"Vituo vingapi?" aliuliza Mama Mkubwa.

"Kumi na saba."

Mama Mkubwa alizitazama pini zake, akazichomoa moja moja, akazirudisha kwenye kifuko cha pini alichovaa mkononi. Kisha akalipapasa pindo tena, safari hii macho wazi, juu ya alama ya chaki kabisa. Hakupata kitu.

"Mama Mkubwa," alisema Milimita, na haikuwa ubishi, alitaka kujua kwa dhati, "kwa nini halisimamishwi?"

"Kwa sababu ukisimama, gurudumu linarudi nyuma. Uzi unakatika, mshono unaacha kovu. Kwa mwalimu wangu tulikuwa na cherehani moja tu nzito, na mkanda wake wa ngozi ulikuwa umelegea vibaya. Alitupiga vidole kwa rula kila tuliposimama."

"Na huo mkanda?"

"Ulitupwa. Tukanunua mpya. Wewe hujazaliwa." Aliutazama mkanda wa cherehani ya dirishani, uliokazwa na kutiwa mafuta, akaubonyeza kwa kidole kama mtu anayehakikisha. "Wewe hujazaliwa," alirudia, taratibu, kama anayesoma barua iliyoandikiwa mtu mwingine.

Hakuna aliyecheka. Hata Redio alijitahidi.

"Mguu unauma?"

"Unauma. Nne."

"Sasa umefaidi nini?"

"Asubuhi ulikuwa mbili, na nimeshona mita kumi na nne. Mwezi uliopita ulikuwa saba kwa mita tatu."

Mama Mkubwa alipiga hesabu hiyo usoni, mistari ya paji ikipanda na kushuka. "Na mama yako nimwambie nini jioni?"

"Mwambie sijauawa."

"Mh." Alilikunja pindo kwa uangalifu, akaegemeza kiganja juu yake. "Kiti kaa nacho. Ila vifungo vya makoti vile thelathini na sita, sasa nitampa nani?"

"Msinitazame mimi," alisema Redio, akirudi kukanyaga cherehani yake.

Milimita aliketi kando ya dirisha, akavua kiatu. Kulia, sentimita ishirini na nne na milimita tatu. Aliandika saa, kipimo, nne, na kwenye safu ya mwisho: pindo, mita kumi na nne, vituo kumi na saba. Nje ya mlango zilionekana zile ngazi tatu. Alizitazama makusudi, akasubiri kuona kama kifundo kitasema kitu. Kilisema, lakini kwa mnong'ono. Akachukua rula, akachora safu ya tano kando ya zile nne, akaiacha bila kichwa, kwa kuwa bado hajaamua ni jambo gani angependa kulijua kesho.